Anayechagua tarehe ndiye anayeshinda kesi ya umeme

Nyumba tunayopanga huku Tabata ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Aliyewahi kuishi hivyo anakijua kikao cha mwisho wa mwezi: nani analala na feni, nani ana jiko la umeme la kificho, nani anadai hashindi nyumbani na redio yake tunaisikia mchana kutwa. Mimi ndiye karani wa mita. Kila jioni nasoma uniti zilizobaki na kuziingiza kwenye Excel.

Desemba 2024 jirani wa chumba cha pili alinunua friza, akaanza kuuza barafu na juisi ya ukwaju. Wenzangu wakataka alipe mara mbili. Nikajitia utaalamu: nikachagua tarehe 1 Novemba hadi 31 Januari, nikachora wastani wa kila wiki, nikabandika karatasi kibarazani. Mstari ulipanda kama mkwezi anayekimbizwa.

Jirani akaitazama, akauliza, "Kaka, kwa nini imeanzia Novemba?"

Nilikosa jibu. Niliporudi kwenye kompyuta nikaona na jambo la pili ambalo yeye hakuliuliza. Matumizi yalikuwa yametoka uniti 14 kwa siku hadi 16, lakini mhimili wima ulianzia 13. Sikuuweka mimi. Namba zikikaribiana sana, Excel huikimbia sifuri yenyewe. Basi nyongeza ya asilimia 14 hivi ikaonekana karatasini kama matumizi yamekuwa mara tatu.

Nikafungua na mwaka uliotangulia, miezi ileile. Mstari ulipanda vilevile, tena mwaka ule tulikuwa na mgao! Lilikuwa joto la kaskazi na feni zetu sote. Friza ilikuwa na sehemu yake, ndogo.

Simaanishi kwamba kukata tarehe ni udanganyifu, wala kwamba kila grafu ianzie sifuri. Chati ya nguzo lazima, kwa sababu jicho linapima urefu wa nguzo. Mstari wa joto la Dar ukiuanzisha sifuri utalala kama kamba ya kuanikia nguo, hutajua Julai wala Februari. Ninachodai ni kwamba anayebandika grafu aonyeshe kwanza kipindi chote alichonacho, kisha ndipo akate, na aandike kakata wapi.

Na kukata kwenyewe kuna mitego. Excel haizijui tarehe, inahesabu siku: 1 Januari 1900 ni 1, na 1 Novemba 2024 ni 45597. (Humo ndani imo hata 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwepo duniani, kosa walilirithi makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia.) Ndiyo maana kwenye chati ya nukta, visanduku vya Minimum na Maximum, yaani mwanzo na mwisho wa mhimili, vinakuonyesha namba za ajabu. Usiogope, andika tarehe yako, itageuzwa.

Mtego mkubwa zaidi ni mpangilio wa Kimarekani. Kompyuta yangu ilikuwa inatanguliza mwezi, kwa hiyo 4/12/2024 ikawa Aprili, na 25/12/2024 ikabaki maandishi matupu, imeegemea kushoto mwa kisanduku. Tarehe zikichanganyika hivyo, programu inaufanya mhimili mlalo kuwa wa maandishi na kupanga kila safu kwa nafasi sawa. Wiki mbili nilizokuwa msibani Morogoro zilipotea kabisa, mstari ukaziruka kama vile hazikupita. Rekebisha mpangilio wa tarehe kabla hujaandika hata safu moja, kisha kwenye mhimili chagua aina ya tarehe. Pengo litaonekana, na liachwe lionekane.

Grafu ya sasa kibarazani inaanzia Januari 2023, mhimili wima kwenye 0. Jirani anaongeza elfu tano kwa mwezi, na amekubali bila kununa. Ila juzi aliniomba nimkatie wiki tatu tu za Machi, siku kwa siku. Nikamkatia. Akaweka kidole kwenye kilele cha Jumapili, kisha Jumapili iliyofuata, kisha iliyofuata.

"Na hiki cha nani?"

Pasi yangu.