Bosi wa Shilingi 180,000

Jamani, nilidhani nimenunua mashine ya kuchomelea, kumbe nimejinunulia bosi. Shilingi 180,000, ukubwa sawa na hotpoti ya pilau, ubavuni imeandikwa 400 kwa wino mwekundu. Muuzaji akanipiga begani: "Fundi, hii ampea 400!"

Nami nikaamini, mtu mzima na ndevu zangu. Soketi ya ukutani ikijitahidi sana inatoa kilowati 3. Ampea 400 za kuchomelea zinataka kilowati zaidi ya 14. Hizo nyingine zitoke wapi, Bahari ya Hindi? Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 inakichoma vizuri, nisiizushie. Ukiweka cha 3.2, kinanata kwenye chuma kama mbuzi aliyegoma njiani, taa za nyumba nzima zinafifia, na mwenye nyumba anatoka kuuliza nani kamaliza luku.

Msimu wenyewe ndio huu. Hela ya korosho ikishaingia, kuanzia Tandahimba mpaka Newala kila mtu anataka geti, tena kabla hela haijaisha. Mimi nikapata geti la mama mmoja hapa Mtwara mjini. Nachoma dakika 2, taa ya njano inawaka: joto limezidi, bosi kachoka. Nakaa dakika 8 nikimsikiliza feni anavyonguruma kama ndege inayotaka kuruka, na haiendi popote.

Mashine za chapa zina kibandiko kinachokueleza: kwa ampea hizi, katika kila dakika 10 unachoma ngapi, na kipimo kimefanywa kwenye joto la nyuzi 40. Kibandiko changu kina picha ya simba. Sijui walimpimia wapi, ndani ya friji? Na ule waya nimeukwangua kwa wembe: juu shaba, ndani alumini. Poda tupu!

Mjomba wangu kule Mikindani ana mashine kuukuu ya transfoma, chapa ya ESAB. Hao ni kampuni ya Waswidi iliyoanza mwaka 1904, na mwanzilishi wao, Oscar Kjellberg, ndiye aliyevumbua kijiti chenye ganda, hivi hivi tunavyochomea leo. Mashine ni nzito kama gunia la korosho, haihami bila mkokoteni, lakini kwa kazi za mjomba, anayeomba kupumzika ni mjomba mwenyewe. Nikaenda kuiazima.

"Mpwa wangu," akasema, "niombe figo."

Msinianzie habari za China, eti kila cha huko ni kibovu. Chapa kubwa nazo zina viwanda huko huko. Mashine ya 180,000 imetiwa vitu vya 180,000, ile 400 nimepewa nyongeza, kama muuza dagaa anavyokuongezea fungu.

Jana mama mwenye geti kaja na kiti. Leo kaja na mkeka. Taa ya njano ilipowaka mara ya tano, akajinyoosha kivulini, akajifunika kanga usoni.

"Fundi, hiyo ikiamka, na mie uniamshe."