Nimerudi Kazini kwa Kujiamini, Kamera Ikiwa Mgongoni

Wadau, najua mmeshasikia. Shoga yangu wa pale ofisini mdomo wake hauna breki, na hadi jana jioni habari ilikuwa imefika kwa watu tuliopoteana tangu shuleni. Kwa maelezo yake nilikuwa nacheza ngoma, nikaangua kilio, halafu nikajificha chini ya meza. Uongo mtupu. Sikucheza. Sikulia. Na meza yenyewe ni ya kioo, sasa ningejificha nini?

Aibu ni yangu, acha niisimulie mwenyewe.

Mnajua nilikuwa nyumbani nalea. Nilipoaga ofisi, IAS 17, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikataba ya pango, ilikuwa bado hai: ukipanga jengo au magari kwa mkataba wa kawaida, unaandika gharama ya kila mwezi, na mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni, haina habari. Nimerudi nakuta mrithi wake, IFRS 16, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, imeshasomba karibu kila mkataba wa pango na kuutupia kwenye mizania, huku haki ya kutumia mali, huku deni. (Msio wahasibu, msikimbie. Hii IFRS 16 itaniumbua sasa hivi.)

Niliisoma usiku watoto wakishalala. Na kwa kuwa kichwa cha mama wa watoto wadogo hakishiki kitu bila kibwagizo, nikaigeuza kibwagizo. "Zote mizania! Isipokuwa za miezi kumi na miwili kushuka chini! Na vitu vya thamani ndogo!" Nikikunja nguo, naimba. Nikitafuta kiatu cha pili cha mtoto, naimba. Mdogo wangu wa mwisho anajua kanuni za pango kuliko baadhi ya watu niliowahi kufanya nao kazi.

Kwa hiyo elimu haikuwa shida. Shida, kila mtu alisema, ni kujiamini. Ukikaa nyumbani muda mrefu watu wanakuonea huruma kana kwamba umetoka hospitali. Wengine wakaniambia niandike lile pengo wazi kwenye wasifu wangu, nisione haya, mbona LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, tangu 2022 wameweka sehemu maalumu ya mapumziko ya kazi. Nikaandika. Wengine wakaniambia nivae suruali mpya, maana nguo ya zamani humkumbusha mtu uoga wa zamani. Nikanunua suruali mpya, nyeusi, imenikaa barabara. Mkumbuke hiyo suruali.

Na mmoja wenu, unajijua, usijifanye hupo, akanitumia ile habari ya pozi la ushindi. Kabla ya jambo zito, jitenge mahali, panua miguu, mikono kiunoni, kifua mbele, dakika mbili. Unatoka simba.

Siku za mwanzo zilipita na vijiaibu vya kawaida. Nilitafuta ile "e" ya buluu ya kuingilia mtandaoni, Internet Explorer, kwenye kompyuta mpaka kijana wa TEHAMA akaniambia kwa upole kwamba ilistaafishwa Juni 2022. Sikuletewa hata taarifa ya msiba. Kuingia kwenye barua pepe yangu mwenyewe kunataka nywila, kisha simu, kisha namba kwenye simu. Majedwali siku hizi mnaandika wote kwa wakati mmoja, na kila mtu anaona kimshale chako kinavyotangatanga kikiwa na jina lako. Haya yote niliyamudu.

Kisha ikaja siku ya kikao na wakaguzi wa hesabu wa nje. Bosi akasema, "Ajenda ya pango ni yako." Nikasema, "Sawa bosi," kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Nikafika mapema. Chumba kitupu. Meza ndefu ya kioo, skrini kubwa ukutani, na upande wa pili kabati la faili lenye milango ya vioo, zile faili ambazo hakuna anayezifungua ila hakuna mwenye ujasiri wa kuzitupa. Mezani kulikuwa na kibao cha kugusa, kidogo, kimewaka. Kilikuwa kimekaa pale nilipotaka kuweka mkoba. Nikakisukuma pembeni kwa kiganja.

Kikalia "ting".

Nikadhani ni lifti.

Sasa hebu twende polepole, kwa sababu nataka muelewe kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya vilevile. Siku zangu, mkutano ulianza watu wakikaa. Kiti kikiwa kitupu, mtu hayupo. Hakuna aliyeniambia kwamba chumba chenyewe siku hizi ni mjumbe wa kikao: kina jina lake kwenye orodha, kina macho, kina masikio, na ukigusa kitufe kwa kiganja kinaingia mkutanoni kabla yako.

Nikaipa skrini mgongo. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka kujiona kwenye vioo vya kabati, jamani. Pozi la ushindi huwezi kulipiga bila kujiangalia.

Nikapanua miguu. Mikono kiunoni. Kifua mbele. Nikajiona kwenye kioo, nikajipenda. Nikaanza, kwa sauti ya chini kidogo: "Mimi ni simba."

Nyuma yangu, nimekuja kuambiwa baadaye, watu tayari walikuwa wamejiunga kwa video. Bosi alikuwa bado. Wakaguzi walikuwepo wote. Na kamera za siku hizi zina akili: zinatafuta anayesema, zikimpata zinamvuta karibu. Mimi ndiye nilikuwa nasema. Kwa hiyo kamera ikaanza kunivuta.

"Mimi ni simba jike."

Ikavuta.

"Nani kama mimi?"

Ikavuta tena. Na kwa kuwa nimesimama mgongo, na kamera iko usawa wa kiuno, naomba mmalizie wenyewe picha iliyokuwa kwenye skrini za watu kumi na kitu wenye shahada.

Mnaikumbuka suruali? Suruali mpya huja na ile stika ndefu ya plastiki inayong'aa, imebandikwa nyuma ya paja, imeandikwa saizi kutoka juu hadi chini. XL XL XL XL XL. Mimi sikuiona, mgongo haujipigi jicho. Kamera iliiona. Shoga yangu anasema picha ilikuwa safi kiasi kwamba mkaguzi mmoja aliinamisha kichwa pembeni, asome vizuri.

Simu yangu ikaanza kutetemeka mkobani. Vrrr. Nikaiambia, "Baadaye." Vrrr. Nikasema, "Leo hakuna wa kunitoa kwenye reli." Vrrr vrrr. Nikapandisha mikono juu, maana nilisoma kwamba hilo ndilo pozi la pili, la mkimbiaji aliyekata utepe.

Na hapa nisimame kidogo niseme na wewe uliyenishauri. Nimekwenda kusoma. Utafiti wenyewe ulitoka 2010, watu 42 tu, ukadai kwamba pozi linapandisha testosteroni, homoni ya ubabe, na kushusha kotisoli, homoni ya msongo. Amy Cuddy, mmoja wa watafiti watatu, akalitolea hotuba 2012, dunia nzima ikapanua miguu. Mwaka 2015 watafiti wengine wakarudia kwa watu 200: homoni hazikutikisika. Mwaka 2016 Dana Carney, ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye utafiti ule, akaandika hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hizo zipo. Mwaka 2016! Wewe unanitumia mimi leo! Walichokikuta wale wa 2015 ni kwamba mtu anajisikia mwenye nguvu, basi. Hilo nathibitisha. Nilijisikia. Ndiyo maana sauti ilizidi kupanda.

Mikono juu, nikaingia kwenye kibwagizo. Kwa sauti kamili sasa. Sauti ya nyumbani.

"Zote mizania! Isipokuwa za miezi kumi na miwili kushuka chini!" Na kiuno, nakiri mbele yenu, kilikuwa na mchango wake kidogo. Hiyo ndiyo "ngoma" ya shoga yangu. Ni mdundo tu, watu wangu, mdundo wa kukariri. "Na vitu vya thamani ndogo! Leo nitawaonyesha!"

Nikanyamaza nivute pumzi. Na katika ule ukimya, kutoka darini, ikashuka sauti ya upole ya kiume:

"Tunakusikia."

Wapendwa. Mikono yangu ilikuwa juu. Nilikuwa nimeomba sana usiku ule. Kwa sekunde nzima niliamini kwamba nimejibiwa. Nikasema, "Asante." Nikasema kwa unyenyekevu kabisa, macho nimefumba. Kisha akili ikarudi taratibu, ikaniuliza: mbona wamejibu kwa wingi?

"Samahani, dada," sauti ikaendelea, na sasa nikaitambua, ni yule kijana wa TEHAMA. "Tuko wote hapa."

Kugeuka kwangu kulichukua muda mrefu kuliko ujauzito. Nilianza na shingo. Shingo ikakataa. Nikaanza na miguu, viatu vikalia kwenye sakafu, kwii. Nilipofika upande wa skrini, niliona vidirisha. Kila kidirisha na uso wake. Mmoja amefunika mdomo kwa kalamu, ambayo haifuniki kitu. Mmoja amezima kamera ghafla, ila maiki ameisahau wazi, na tunamsikia anakata roho. Mkaguzi mkuu, mzee wa makamo mwenye miwani, anaangalia karatasi zake kwa bidii ya mtu anayetafuta cheti chake cha kuzaliwa. Na kidirisha kikubwa kuliko vyote, katikati, ni mimi. Mikono bado juu. Nilikuwa nimesahau kuishusha.

Mnajua nilifanya nini? Nilipunga. Kwa kuwa mikono tayari ilikuwa kule juu, nikaona niipe kazi. Nikapunga yote miwili na kusema, "Karibuni."

Nikawakaribisha, jamani. Watu waliofika kabla yangu.

Nikashika mkoba, nikasoma simu. Ujumbe wote wa shoga yangu, umepangana: "Geuka." "Dada geuka." "GEUKA." "Stika." "Usigeuke, bosi kaingia."

Yaliyobaki nayasema haraka maana hayana raha. Bosi akafungua kikao kana kwamba hakuna kitu. Nikatoa ajenda yangu nimekaa, na ninaapa sikusimama hadi mwisho. Mzee wa miwani akaniuliza kuhusu kompyuta mpakato za kukodi na yale magari mawili ya zamani. Nikamjibu: kompyuta zinaweza kuachwa nje ya mizania, kwa sababu walioandika kanuni walifikiria vitu vya kama dola 5,000 za Marekani au chini vikiwa vipya, magari hapana, hata yawe makuukuu vipi, kwa kuwa thamani inapimwa kitu kikiwa kipya. Akaandika. Akasema, "Nakubaliana na simba." Kikao kikaenda mapumziko bila mtu kutangaza mapumziko.

Stika nikaibandua chooni. Ilitoka vipande vipande.

Ningeishi nayo hiyo. Watu wanasahau. Lakini siku hizi mikutano ina programu inayosikiliza na kuandika muhtasari yenyewe, na kuutuma kwa waalikwa wote, pamoja na wale ambao hawakuhudhuria, pamoja na mkurugenzi aliye safarini. Na kwa kuwa maneno yangu yalitoka kwenye maiki ya chumba, programu ikakipa sifa chumba chenyewe. Nanukuu, kwa kuwa shoga yangu ameshaipiga picha na mmeshaiona:

"Chumba cha Mikutano 2 kilijitambulisha kuwa simba, kisha simba jike. Kiliuliza nani kama chenyewe, hakuna aliyejibu. Kilisisitiza kuwa mikataba yote ya pango iingie kwenye mizania, isipokuwa ya miezi 12 au chini ya hapo na ya vitu vya thamani ndogo. Hatua inayofuata: Chumba cha Mikutano 2 kiwaonyeshe."

Hakuna neno hata moja la uongo mle ndani, hilo ndilo linaloniuma. Nimemwomba kijana wa TEHAMA aufute. Anasema ukishatumwa umetumwa, dada, pole sana. Ila alikuwa anacheka na bega.

Leo asubuhi mzee wa miwani ametuma barua pepe, anaomba orodha kamili ya mikataba ya pango kabla ya Ijumaa. Kwa bosi ameandika "nakala kwa taarifa". Barua yenyewe imeanza, "Ndugu Chumba cha Mikutano 2."

Nimeshamjibu. Orodha nimeiambatisha.