Kabla ya kwenda kortini, soma barua

Shemeji yangu aliangukiwa na magunia ya mchele akipakua lori kwenye godauni moja Shimanzi. Mgongo haujarudi sawa; viatu huvishwa na mkewe, mke akiwa amepiga magoti sakafuni. Dai lake la fidia lilipokataliwa, nyumba nzima ilimshauri anyamaze. "Subira yavuta heri, mwanangu," mamake akamwambia. Wengine wakasema ukimshtaki tajiri hupati tena kibarua Mombasa hii.

Nilipinga, na bado napinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 haingoji mtu amalize kusubiri. Ukikataliwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, afisa wa serikali anayeamua madai haya, una siku 60 za kupeleka pingamizi kwake yeye mwenyewe. Naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, pamoja na sababu. Usiporidhika, zimebaki siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Kukimbilia kortini moja kwa moja hakusaidii. Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huu Desemba 2019.

Kwangu mimi, pingamizi si la kujadiliwa. Peleka. Rufaa ndiyo ya kupimwa, maana ina gharama, na ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe hata za mwenzako. Hasira nilikuwa nazo tele, lakini haziwezi kuwa kipimo. Kipimo ni ile sababu iliyoandikwa.

Ya shemeji, katika barua ya kumkataa, ilikuwa kwamba hakuna uthibitisho aliumia kazini. Tukaitoa karatasi ya zahanati, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya kuchulia. Imeandikwa: "maumivu makali ya kiuno." Basi. Hakuna neno kuhusu godauni wala gunia. Nililia. Angekataliwa kwa kukosa mkataba wa karatasi nisingeogopa, kwani sheria hii inautambua hata mkataba wa mdomo.

Na si pesa ndogo. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa kwa mapato ya miezi 96. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi, ulemavu wake ukipimwa asilimia 20, ni shilingi 384,000. Kwa mtu asiyeweza tena kubeba hata ndoo ya maji, hizo ni karo na kodi ya nyumba.

Wenzake wawili waliomfukua chini ya magunia wamekubali kuandika walichokiona. Mmoja bado anafanya kazi palepale, na sijui nitamshukuru vipi.

Nimemwambia shemeji hivi: jibu la Mkurugenzi kwa pingamizi letu likiupita ushahidi wa hawa wawili kama haupo, twende kortini. Likiujibu kwa sababu tusiyoweza kuivunja, nitamwomba aache, ingawa itaniuma. Leo ni siku ya 41 kati ya zile 60. Jumatatu asubuhi tunavuka feri na faili, yeye akiegemea bega langu.