Fungu la chombo, fungu la watu: Ushelisheli ikitazamwa kutoka Tanga

Asubuhi pale Deep Sea, soko letu la samaki Tanga, mashua ikishatia nanga, kelele zote ni za hesabu. Dalali ananadi, akina mama karanga wanagombea vibua vya kukaanga, na pesa ikishafika kwa nahodha, kwanza inatolewa ya mafuta, ya barafu na ya chakula. Inayobaki ndiyo ya mgao: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, halafu watu. Kila bandari ina desturi yake ya kugawa, ila sijaona bado ambako watu wanatangulia. Siku moja nilisimama karibu na kijana aliyekesha baharini. Akapewa noti mbili za elfu mbili. Akazikunja, akasema, "Leo chombo kimekula," akaenda zake kutafuta chai na kitumbua.

Mgao ule ndio ulionijia kichwani nilipokuwa nikiusoma mkakati wa Ushelisheli wa uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotokana na bahari, ule wa 2018 hadi 2030. Huku kwetu Dira ya Taifa ya 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025, ikilenga uchumi wa dola trilioni moja, na bahari imepewa nafasi kubwa katika maneno ya viongozi. Anayetaka kutuonyesha mfano mzuri hakawii kutaja Ushelisheli, nchi ambayo jina lake kwetu ni lile lile la tunda tunalolipika kwa nazi. Ina visiwa 115 na watu takriban laki moja. Jiji la Tanga peke yake lina zaidi ya mara tatu ya hao. Lakini eneo lao la bahari ni kama kilomita za mraba milioni 1.35, zaidi ya mara tano ya letu.

Nianze na sifa, maana wanastahili. Mwaka 2008 nchi ile ilishindwa kulipa madeni ya nje ikalazimika kukimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa. Wengi wakifika hapo huuza kila kinachouzika. Wao wakafanya jambo la kijanja: deni la dola milioni 21.6 walilokuwa wakidaiwa na serikali za Paris Club, kundi la nchi zinazokopesha, likanunuliwa kwa bei pungufu kidogo, kwa pesa zilizokusanywa na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy. Serikali ikaendelea kulipa, ila sasa inalipa kwenye mfuko wa nyumbani uitwao SeyCCAT, na sehemu ya pesa hizo inabaki kuhudumia bahari. Mpango huo ulikamilika 2016. Oktoba 2018 wakatoa hatifungani ya buluu, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya kazi za bahari, ya kwanza ya serikali yoyote duniani, yenye thamani ya dola milioni 15. Riba yake ilikuwa asilimia 6.5, ila kwa dhamana ya Benki ya Dunia na mkopo nafuu wa Mfuko wa Mazingira Duniani, mzigo halisi kwa serikali ukashuka hadi karibu asilimia 2.8. Machi 2020 wakatangaza kwamba asilimia 30 ya bahari yao, karibu kilomita za mraba 410,000, imewekwa chini ya hifadhi.

Ninachokipenda zaidi hapo ni muda. Kazi ya kuchora ramani ya matumizi ya bahari waliianza 2014. Miaka sita ya kukaa na wavuvi, wenye mahoteli, wenye meli na watu wa utafutaji mafuta, wakibishana mstari upite wapi. Sisi tumezoea kibao kinachoota ufukweni usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye mgao.

Uti wa mgongo wa uvuvi wa Ushelisheli ni jodari, na sehemu kubwa ya jodari huyo huvuliwa na meli kubwa za nyavu za kigeni, hasa za Hispania na Ufaransa. Makubaliano ya miaka sita na Umoja wa Ulaya, yaliyoanza 2020, yaliipa serikali euro milioni 5.3 kwa mwaka, na wenye meli walilipa ada zao juu ya hapo. Kiwanda cha kusindika cha Victoria, mji mkuu wao, kinamilikiwa kwa sehemu kubwa na Thai Union ya Thailand, serikali ikiwa na hisa zilizobaki. Kwa lugha ya Deep Sea: chombo ni cha watu wengine, nyavu ni za watu wengine, mwenye bahari anapewa fungu lake kwa kuwa bahari ni yake. Si haba kwa nchi ya watu laki moja, wala siwalaumu. Meli moja ya namna ile inagharimu mamilioni ya dola. Lakini mwaka 2015 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako huko huko Victoria, ilitangaza kwamba jodari wa mapezi ya njano anavuliwa kupita kiasi. Fungu la mwenye bahari linategemea samaki ambaye anayemmaliza ndiye anayelilipa.

Na kuna "shirikishi", neno ambalo halikosekani katika mkakati wowote siku hizi. Benki ya Dunia iliipandisha Ushelisheli kuwa nchi ya kipato cha juu 2015. Miaka minne baadaye mamlaka zao wenyewe zilikuwa zikikadiria watumiaji wa heroini kati ya 5,000 na 6,000. Katika watu laki moja! Aliyekulia pwani hii hahitaji kuelezwa unga unaingia kwa vijana gani. Wastani wa pato la taifa unaweza kupanda huku kijana wa mtaani akibaki alipokuwa, na Watanga tuna ushahidi wa zamani zaidi.

Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge ikapandwa karibu na Pangani. 62 ndiyo iliyopona safari. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ya Tanga ulianza. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa karibu tani 230,000 za katani, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wa biashara hiyo. Reli ilikuwepo, bandari ilikuwepo, fedha za kigeni zilimiminika. Mkataji je? Aliitwa manamba, kwa namba aliyopewa alipoandikishwa, na wengi waliletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni na mashamba kufifia, wajukuu wa manamba walirithi nyumba za kambi na shamba ambalo si lao. Ule nao ulikuwa ukuaji wa uchumi, na takwimu zake zilipendeza.

Ndiyo maana hoja ya "tufanye kama Ushelisheli" inanipa wasiwasi, hasa ile asilimia 30. Wao watu wao wengi wanakaa kisiwa kikuu cha Mahé, na sehemu kubwa ya walichofunga iko kwenye visiwa vya mbali kama Aldabra, ambako hakuna kijiji cha kugombana nacho. Sisi tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009, kilomita za mraba 552 tu, na ndani yake mna Kigombe, Tongoni na visiwa vya Yambe na Karange. Huwezi kuchora mstari pale usipite kwenye dema la mtu. Silikanti wenyewe, samaki wa kale wa kina kirefu, walijulikana kwetu kuanzia 2003 kwa kuwa walinaswa kwenye majarife ya kina kirefu ya wavuvi hawa hawa. Mwenye ngalawa isiyo na mashine ukimwambia aende bahari kuu, ni kama umemwambia aache kuvua.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema mvuvi aachwe tu. Tumeachwa, na baruti ikaja. Kwa miaka mingi mlipuko ulisikika mpaka mjini, na matumbawe ambayo pweza na changu hulala yakawa kifusi. Aliyeumia kwanza ni yule yule wa ngalawa, maana hana pa kwenda miamba ikifa. Mwenye mashine alihama tu. Kwa hiyo mipaka inahitajika, na mkali wa kuisimamia pia, na hapo Ushelisheli wana la kutufundisha: waliupa mpango wao mfuko wenye pesa ya kila mwaka kabla ya kuutangaza. Doria bila mafuta ya boti ni picha ya ukutani ofisini.

Ningekopa kwao mfuko na ile miaka sita ya mabishano. Asilimia ningeiacha huko huko.

Ila hata mfuko una swali lake. Zile dola milioni 15 za hatifungani ziligawanywa hivi: milioni 3 za ruzuku kupitia SeyCCAT, milioni 12 za mikopo kupitia benki yao ya maendeleo. Kwa mhasibu ni busara, mkopo unarudi. Lakini mkopo unataka dhamana. Yule kijana wa noti mbili hana hati ya nyumba, mashua anayovulia si yake, na jina lake halimo kwenye leseni yoyote. Dirisha la namna hiyo likifunguliwa Tanga kesho, atakayejaza fomu ni mwenye chombo, atanunua mashine kubwa zaidi, na fungu la mashine litapanda. Labda mabaharia wanne au watano wakopeshwe mashine moja kwa pamoja, mashine yenyewe ikiwa ndiyo dhamana, na BMU ya kijiji, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ikishika kadi yake. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja nahodha kama hilo linawezekana. "Linawezekana, mjukuu wangu," akanijibu, huku akiendelea kushona wavu, "ila kwanza waulize wenye vyombo watampata wapi wa kupanda."