Baada ya maafa, nani ajenge nyumba?

Tetemeko la ardhi lilipoipiga Kagera Septemba 10, 2016, Watanzania walichanga. Watu wasiopungua 17 walikuwa wamefariki, na maelfu ya nyumba yalikuwa yameanguka au kupasuka. Kisha Januari 2017 Rais John Magufuli akafika Bukoba na kusema waziwazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba: itarudisha shule na huduma za umma, na mwananchi atajenga ya kwake. Shule ya Sekondari Ihungo ikasimama upya, nzuri na imara. Mwenye nyumba wa Hamugembe, mjini Bukoba, akabaki na kifusi chake.

Miaka 7 baadaye Serikali ilifanya kinyume chake. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakapoteza maisha. Safari hii Serikali ilitafuta eneo jipya huko Waret, ikawaita SUMA JKT, shirika la ujenzi la Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya nyumba 100 zikajengwa, nyingine kwa mchango wa Msalaba Mwekundu.

Ni rahisi kusema Hanang walitendewa haki na Kagera walidhulumiwa. Nami naamini uamuzi wa Kagera uliwaumiza watu, hasa kwa kuwa waliochanga waliamini wanamchangia mtu aliyelala nje. Hata hivyo hoja ya Magufuli haikuwa ya hovyo. Nyumba 100 ni mradi unaosimamiwa na mkandarasi mmoja ukaisha. Nyumba maelfu, zilizotawanyika kwenye migomba wilaya kwa wilaya, ni jambo jingine kabisa, na Serikali ikisema itajenga zote, watu watakaa kwenye maturubai miaka mingi wakisubiri zamu.

Kosa la Kagera naliona kwingine. Kuambiwa ujenge mwenyewe ni sawa, ila ukiambiwa hivyo bila fedha wala fundi aliyefundishwa, utarudia nyumba ileile. Nyingi ya nyumba zilizoanguka zilikuwa za matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa udongo. Kuta hazikuunganishwa kwenye kona kwa nondo yoyote, wala hapakuwa na lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima. Ardhi ikitikisika, kila ukuta unakwenda upande wake na paa linakosa wa kulibeba. Mzee mkulima wa kahawa aliyepoteza nyumba ataokota matofali yaleyale kwenye kifusi, atachimba udongo uleule, atapandisha kuta zilezile. Hana uzembe wowote, ndicho alichonacho.

Upande wa pili, kumhamishia mtu mbali na maisha yake nako kuna historia yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na waliokuwa wakiishi Jangwani na mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kiusalama uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, maana Bonde la Msimbazi ni njia ya maji. Lakini mama aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kuuza Kariakoo sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku, kabla hajauza hata fungu moja. Wengi waliuza viwanja au wakavipangisha, wakarudi bondeni. Zaidi ya miaka 10 baadaye Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umelazimika kulipa fidia na kubomoa upya. Tumelipia kosa moja mara mbili.

Kwa hiyo mimi naanza na aina ya janga. Ukiwa kwenye njia ya tope au ya mto, hakuna saruji itakayokuokoa, lazima uhame. Hanang hapakuwa na mjadala. Tetemeko halina pa kulikimbilia, kwa sababu Kagera nzima iko karibu na Bonde la Ufa. Hapo cha kubadilisha ni ujenzi, na watu wabaki kwenye migomba yao, karibu na makaburi ya wazee wao. Na palipo na ulazima wa kuhama, riziki ihame pamoja na kitanda: mfugaji wa Kibarbaig atauliza zizi litakaa wapi kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

India ilishajaribu njia ya katikati. Tetemeko la Gujarat la Januari 26, 2001 liliua maelfu kwa maelfu ya watu. Vijiji vingi vilikataa kuhamishwa. Jimbo likawapa wenye nyumba fedha kwa awamu tatu, na mhandisi akakagua kazi kabla ya awamu inayofuata kutoka. Mafundi wa vijijini wakafundishwa kufunga nondo na kumwaga lenta. Zaidi ya nyumba 200,000 zilijengwa upya, nyingi na wenyewe.

Najua pingamizi zake, na ni nzito. Fedha mkononi mwa mtu aliyefiwa zina wadai wengi: ada, deni la dukani, matanga. Orodha ya waathirika inaweza kuingizwa majina ya marafiki wa mtendaji. Mpangaji, aliyepoteza kila kitu isipokuwa kuta zisizo zake, hapati chochote. Na huko Jangwani wengi walikuwa na karatasi ya mauziano tu, iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mhasibu wa mradi angeitambua? Awamu na ukaguzi vinapunguza wizi, havimsaidii mpangaji.

Lipo pia suala la tofali lenyewe. Tanuri la kuchoma matofali hula kuni nyingi, na kijiji kizima kikijenga kwa mpigo, miti inakatwa kwenye miteremko ambayo mizizi yake ndiyo inashika udongo. Wataalamu wa NHBRA, wakala wa Serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, walihimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana: udongo wa palepale na saruji kidogo, unakandamizwa kwa mashine, hauchomwi. Watu wanayaogopa kwa kuyaona ni ya udongo, na mashine haipatikani kijijini. Hofu hiyo itaisha shule ya kata na nyumba ya mwalimu zikijengwa nayo, kila mtu ayaone yakistahimili masika.

Mjane mzee asiyeweza kumsimamia fundi, na mtoto aliyebaki na wadogo zake, hao wajengewe, kama Waret. Wenye nguvu wapewe fedha kwa awamu na fundi aliyefunzwa. Lakini huwezi kuanza kufundisha mafundi baada ya kuzika. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia maafa, iwafundishe sasa, kata kwa kata, ikianzia Kagera, na ramani za njia za maji na tope zibandikwe kwenye ofisi za vijiji kabla mtu hajauziwa kiwanja.