Sili ya Nyuma, Sili ya Nyuma!

Ukitaka kujua dunia ina mafundi wangapi, egesha pikapu ya dizeli inayovuja. Usiite mtu, subiri tu. Mwalimu atakuja, kinyozi atakuja, shemeji ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli atakuja. Wote watainama, watachungulia uvunguni, watanyoosha kidole pale tone lilipoangukia, kisha watatoa hukumu: "Hiyo sili ya nyuma. Shusha giaboksi."

Shusha giaboksi! Mtu anakwambia utadhani anakuomba uvue kofia.

Sili ya nyuma, kwa asiyeijua, ni duara la mpira linaloziba mkia wa kranki shafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, pale injini inapokutana na giaboksi. Sili yenyewe haina makuu. Makuu yako njiani kuifikia: utoe propela, ushushe giaboksi, ufungue klachi, ung'oe flaiwili, ndipo uione imekaa hapo imetulia, haina hata tatizo. Unaibadilisha hivyohivyo maana umeshafika. Unarudisha kila kitu, unawasha, unachungulia chini. Tone! Tena palepale.

Maana oili haina adabu. Inatokea juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, upande wa nyuma ambako jicho halifiki, inateremka taratibu kwenye mgongo wa bloku, gari likitembea upepo unaisukuma nyuma zaidi, mwisho inajikusanya chini kabisa, kwenye maungio ya injini na giaboksi. Inadondokea hapo. Na hapo ndipo shemeji anapoanzia uchunguzi wake, na hapo ndipo anapoumalizia.

Mimi msimamo wangu ni mmoja: injini ioshwe kwanza. Jamani, watu hawataki kuosha injini! Wako radhi kushusha giaboksi, lakini kusugua tope la oili na vumbi lililogandiana miaka yote wanaona ni kazi ya kudhalilisha. Funika alteneta na soketi za umeme, mwagia dawa ya kukata grisi, sugua, suuza, kausha. Kisha nyunyiza poda ya watoto pale unapopashuku, washa, iache ipate moto, halafu mulika kwa tochi ukianzia juu kwenda chini. Oili ikitoka inachora mstari juu ya weupe, na mstari una mwanzo. Nilipoinyunyizia yangu, jirani alisimama mlangoni akaniuliza kama gari limepata vipele vya joto.

Cheka, jirani. Mstari ulianzia kwenye alteneta. Naam, alteneta, kifaa cha umeme! Injini ya dizeli haivuti hewa kwa nguvu ya kusaidia breki kama ya petroli, kwa hiyo inapewa pampu ya vakumu, na kwenye pikapu nyingi pampu hiyo imepandishwa mgongoni mwa alteneta na kulainishwa kwa oili ya injini. Oili inaingia kwa bomba jembamba, inarudi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, kwa mpira mnene kidogo. Huo mpira wangu wa kurudishia ulikuwa mgumu kama kuni, umepasuka chini ya klipu, mpasuko mwembamba ambao huuoni mpaka uukunje. Nikaukunja, ukalia kwa oili. Kipande cha urefu wa kidole! Na mafundi wawili walikuwa tayari na jeki ya kushushia giaboksi.

Halafu kuna suala la rangi. Watu wakiona unyevu chini ya gari, wote ni "oili." Tandika boksi jeupe usiku, asubuhi lisome. Nyeusi ni oili ya injini. Ya dizeli hiyo inachafuka kwa masizi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa hiyo weusi wake usikutie presha. Nyekundu mara nyingi ni ya stering au ya giaboksi ya otomatiki. Yenye harufu kali ya kiberiti, inayomkimbiza hata paka, ni ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, au ya giaboksi ya mkono. Kijani, waridi au chungwa, tena inanata, ni maji ya rejeta. Ya manjano hafifu karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, na hapo usiendeshe hata kwenda kununua hayo mafuta. Maji matupu, masafi, baada ya kuwasha AC, ni maji ya AC. Waache wanaopiga kelele wapige.

Jirani alitaka kuonja. Alichovya kidole kwenye yale ya waridi akakielekeza mdomoni, ikabidi nimshike mkono. Yana ladha tamu na ni sumu, jirani! Haya tuendelee.

Kundi linaloninyima usingizi kuliko yote ni mafundi wa silikoni. Fundi wa silikoni haamini gasketi. Ukimpa gasketi mpya anaiangalia kwa huruma, anaiweka kando, anaminya mrija wote kuzunguka sampu mpaka unafura pembeni. Ile iliyofura nje unaiona. Iliyofura ndani je? Inakatika vipande, inaogelea kwenye oili, inakwenda kuziba chujio la pampu. Uvujaji umekwisha kweli, na injini nayo iko mbioni kwisha. Ndugu yake ni yule anayekaza bolti ya kumwagia oili kwa spana iliyoongezewa bomba, anaua mikato ya sampu inayoishika bolti badala ya kuweka wosha mpya ya shaba. Wosha, bwana! Kitu cha kupoteza mfukoni.

Na wapo wanaobadilisha sili kila mara bila kujiuliza kwa nini zinakufa. Dizeli inagandamiza hewa sana, na kila injini hupitisha moshi kidogo kando ya ringi za pistoni hadi chini kwenye kranki. Moshi huo unatakiwa utoke kwenye bomba la kupumulia. Bomba likiziba, au ringi zikichoka, presha inatafuta mlango, na mlango ulio karibu ni sili yako mpya. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kama kinarukaruka na moshi unatoka kwa fujo, acha kulaumu sili. Difu nayo ni hivyohivyo: ina kipumulio kidogo juu, matope yakikiziba inapata moto na kusukuma oili hadi kwenye breki za nyuma.

Kwenye mabomba ya presha kubwa ya dizeli nakuwa mkali, sitaki utani. Injini za komoni reli, zile za dizeli za kisasa, zinaweza kufika bar 2,000, na tairi la pikapu lina bar 2 au 3 tu. Shemeji alitaka kupapasa bomba kwa kidole, injini inanguruma, "nisikie linapovujia." Utasikia hospitali! Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinaonekana kama umechomwa sindano, kumbe ni cha kufanyiwa upasuaji haraka. Pitisha kipande cha boksi, kidole weka mfukoni.

Ila uvujaji ulionidharau kabisa ni ule usiodondosha kitu. Asubuhi napiga stati, inazunguka, inazunguka, haishiki. Nachungulia chini, pakavu. Kumbe upande wa kutoka tangini hadi kwenye pampu unavuta, hausukumi, kwa hiyo palipolegea haitoki dizeli, inaingia hewa, na usiku kucha dizeli inarudi zake tangini. Nilifunga kipande cha mpira unaopenya mwanga baada ya filta, nikaona mapovu yakipita kwa foleni. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ilikuwa imechoka oringi, kile kipete cha mpira cha kuzibia. Nikaibadilisha, sasa inawaka kwa mguso mmoja, na mama watoto hanisukumii tena gari akiwa amevaa nguo za kazini.

Kilichobaki ni wota pampu. Chini yake ina kitundu kilichowekwa makusudi ili sili ya ndani ikianza kuchoka, maji yatokee hapo upate habari mapema. Jana nimeona doa la waridi kwenye kitundu hicho, dogo, lililokauka. Pampu nimeshaagiza. Mpaka ifike, naegesha pua ya gari ikiwa imeelekea ukutani, jirani asione.