Kibo, Unanikwepa Nini?

Hivi Mlima Kilimanjaro una ugomvi na kamera yangu? Saa kumi na mbili asubuhi niko nje ya hema pale kambi ya Shira, huko huko mlimani, meno yanagongana, kilele chake cha Kibo kiko wazi, theluji inang'aa. Nawasha kamera: betri imekufa kwa baridi! Naibana kwapani kama kifaranga, inafufuka asilimia nane. Nainua macho... wingu. Mlima wa mita 5,895 umemezwa kama tonge! Unajificha wapi wote huo? Nasubiri masaa matatu, wingu halibanduki. Basi, kamera nazika chini kabisa ya begi, chini ya soksi chafu (msiulize za siku ngapi). Nani anachungulia? Kibo huyo! Mwenzangu kapiga kwa kisimu chenye kioo kilichopasuka, picha safi kama kalenda. Jamani, ni mimi tu?